Kasri la Ciergnon na ardhi "isiyo na mwenyewe"

Mababa, mamama, na ninyi wanafunzi mliobanana pale mlangoni, karibuni. Leo tunatoka hapa Bukavu hadi Ardennes, nchi ya vilima kusini mwa Ubelgiji, kwa wale waliotutawala.

Huko mto Lesse huzama chini ya ardhi karibu na kijiji cha Han, ukapita mapangoni gizani, ukaibuka tena na kuteremka kati ya vilima vya misitu hadi Meuse. Juu ya mteremko mmoja wa bonde hilo liko kasri la Ciergnon, pumziko la wafalme wa Ubelgiji. Leopold wa I alinunua mashamba na misitu ya pande zile, na mwaka 1842 malkia wake, Louise-Marie, akapata nyumba ya kupumzikia. Baadaye Leopold wa II akamkabidhi kazi Alphonse Balat, fundi yuleyule wa nyumba za vioo za kasri la Laeken kule Brussels, naye akainua kasri lenyewe.

Pazuri, sibishi. Lakini mimi huvutwa zaidi na karatasi za pale kuliko minara.

Mwaka 1900 Leopold wa II aliitolea Ubelgiji mali zake, Ciergnon ikiwemo, kwa masharti: ardhi isiuzwe kamwe, baadhi ya mahali pabaki na sura yake, na makasri mengine yawe tayari kwa watakaorithi kiti. Mtu huyo alijua vema ardhi ni nini!

Sasa mrudi huku. Amri ya tarehe 1 Julai 1885 ilisema kila ardhi "isiyo na mwenyewe" ni ya Dola Huru la Kongo, yaani Kongo yetu ilipokuwa chini ya Leopold wa II mwenyewe. Isiyo na mwenyewe? Wazee wa Bushi, nchi ya Washi hapa kwetu, waliomo humu wanaijua kalinzi: unampelekea mwami, mtawala wa jadi, ng'ombe, anakupa shamba, na kijiji kizima ni shahidi. Porini pa kuchungia na kutafutia kuni pia palikuwa na wenyewe. Afisa wa Dola aliona majani tu.

Kijana mmoja ameniuliza tukiingia: Ciergnon ilijengwa kwa fedha za mpira wetu, ule wa utomvu wa msituni? Hapana, si mwanzo wake. Nyumba ya 1842 ilitangulia Dola Huru kwa miaka zaidi ya arobaini. Ukitafuta mawe yaliyolipiwa na mpira, tazama tao la Cinquantenaire pale Brussels, lililomalizika 1905, na upanuzi wa kasri la Laeken. Fedha zilitoka Milki ya Taji, eneo la Kongo ambalo mfalme alijitengea kwa siri 1896, lenye misitu ya Mai-Ndombe. Misitu hiyo haikuwekewa sharti lolote la kubaki na sura yake.

Haya, maswali. Tuanze na mama pale mbele.