Daulatabad: ngome iliyoshindwa na njaa

Ndugu zangu, atakayejaliwa kufika jimbo la Maharashtra, India, asiitazame Daulatabad kwa mbali akaondoka. Apande. Kilima chenyewe kina kama mita 200. Chini mwamba umechongwa ukawa ukuta wima pande zote, na handaki likachimbwa kuuzunguka. Ukishavuka handaki unaingia njia ya giza totoro inayopindapinda ndani ya jiwe.

Sasa ngome ya namna hii ilitekwaje? Kwa njaa. Mwaka 1296 Alauddin Khalji, mpwa wa Sultani wa Delhi, alipoizingira, mfalme wa hapo, Ramachandra, alikuwa ndani. Inasimuliwa kwamba magunia yaliyopandishwa haraka haraka yakidhaniwa nafaka, yalipofunguliwa yakakutwa na chumvi. Akasalimu amri. Mwaka 1633 mambo yakawa yale yale: Wamughal, watawala wa kaskazini mwa India, waliizingira, chakula kikaisha, Fath Khan aliyekuwa akiishikilia akaikabidhi.

Huyu Fath Khan ni mtoto wa Malik Ambar, na hapa naomba mnivumilie. Malik Ambar alikuwa Mhabeshi, aliuzwa utumwani akiwa kijana, akavushwa bahari, akafika Dekani, yaani nyanda za juu za kusini mwa India, akapanda hadi kuwa waziri mkuu wa dola ya Ahmadnagar. Miaka mingi aliwasumbua Wamughal kwa vita vya kuvizia. Mwaka 1610 alianzisha Khadki, mji uliokuja kuitwa Aurangabad, na akauletea maji kwa mifereji ya chini ya ardhi. Vitabu vyetu vya shule vinamjua kweli? Kaburi lake liko Khuldabad, kilomita chache kutoka ngomeni. Mwislamu akifika huko, asiache kumsomea Fatiha.

Kuhusu mji wa kale ulio chini ya kilima: mwaka 1327 Sultani Muhammad bin Tughluq aliwaamuru wakubwa wa Delhi wahamie hapa, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Haikupita miaka mingi akawaruhusu kurudi. Msafiri Ibn Battuta, yule yule aliyeisifu Kilwa mwaka 1331, alipita hapa baadaye akaandika habari za shimo la wafungwa lenye panya wakubwa kuliko paka.

Leo pamebaki kuta, hodhi, mnara wa Chand Minar, na msikiti ulioezekwa juu ya nguzo za mahekalu. Wageni wengi hupapita mbio wakiwahi kileleni. Nawasihi, tembeeni kwanza hapo chini, asubuhi, jua halijawa kali, na maji ya kunywa mkononi.