Dawa ya Kifafa Kwenye Moyo wa Panya: Jinsi ya Kupima Bila Kujidanganya

Ndugu wanafunzi, tuanze na fenitoini, dawa ya kifafa. Merritt na Putnam walionyesha mwaka 1938 kwamba inazuia degedege. Mwaka 1950 Harris na Kokernot wakaijaribu kwa mbwa waliozibwa mshipa wa moyo, na mapigo yaliyovurugika yakatulia. Ubongo na moyo vyote hutumia milango ya sodiamu (vijia vidogo vya sodiamu kwenye ukuta wa seli) kuwasha umeme wake, na fenitoini hushika zaidi mlango wa seli inayofyatuka mfululizo au iliyokosa damu.

Ndiyo maana kipimo cha akonitini, yaani kuvuruga moyo kwa sumu hiyo kisha kujaribu dawa, sikiamini sana. Sumu hiyo huacha milango ya sodiamu wazi, kwa hiyo dawa yoyote inayoiziba itafaulu. Huo ni mtihani uliovuja.

Afadhali kufunga mshipa na kuufungua. Panya wa gramu 250 hadi 350 apewe nusukaputi, apumuliwe kwa mashine, joto lake likae nyuzi 37. Pasua kifua upande wa kushoto, pitisha uzi wa hariri namba 6-0 chini ya mshipa wa kushoto wa moyo, ncha zitokee kwenye kipande cha mrija wa plastiki. Mpe dawa, kaza uzi dakika 5, kisha legeza. Fujo kubwa ya mapigo huja sekunde chache baada ya kulegeza, kwa hiyo macho yasibanduke kwenye ECG (mchoro wa umeme wa moyo). Ukikaza na presha isishuke, wala wimbi la R (kilele kikubwa cha mchoro huo) lisirefuke, uzi haukukamata mshipa; mtoe panya huyo kabla hujalegeza, si baada ya kuona matokeo. Na anayesoma ECG asijue nani alipewa nini.

Sasa kiyeyusho, kimiminika kinachobeba dawa, maana hapa ndipo watu huumbuka. Fenitoini ya sindano huja ndani ya propilini glaikoli asilimia 40 na alkoholi asilimia 10, pH ikiwa 12. Mchanganyiko huo peke yake hushusha presha na kupunguza kasi ya moyo, na moyo uliopungua kasi hauvurugiki kirahisi. Kundi linganishi likipewa maji ya chumvi tu, mmepima kiyeyusho. Lipeni kiyeyusho kilekile, ujazo uleule, kasi ileile. Glukosi msiiguse: dawa itaganda fuwele mrijani.

Mwishowe, hesabuni kwanza mtetemo wa ventrikali (vyumba vya chini vya moyo) na vifo, si mapigo ya ziada. Mwaka 1989 utafiti wa CAST, uliofanywa kwa binadamu, ulikuta enkainidi na flekainidi, dawa nazo zinazoziba milango ya sodiamu, zinafuta mapigo ya ziada kwa watu waliopata shambulio la moyo, lakini waliozitumia walikufa zaidi.