Mwananchi nimevaa nyekundu Ohio, sikilizeni kwanza kabla hamjanitukana

Haya jamani mambo zenu, wakubwa shikamooni, niko kwenye gari hapa parking ya kazini Columbus, Ohio, huku Marekani, hita nimefungulia mpaka mwisho na vidole bado vinauma, shifti inaanza saa tano usiku kwa hiyo nina dakika kadhaa za kupiga stori. Kwenye komenti mmeniandama wiki nzima, eti nimehama Jangwani kwa Yanga nimeenda Msimbazi kwa Simba maana kila video navaa nyekundu. Sijahama! Mimi Mwananchi mpaka nazikwa, hii nyekundu ni ya chuo.

Huku kuna timu ya chuo kikuu, Ohio State, wanaitwa Buckeyes, na hiyo buckeye usidhani ni simba au chui, ni kokwa ya mti tu, ya kahawia, na hailiwi, ina sumu. Wanacheza ule mpira wao wa kukumbatia, unafanana na yai. Ni wanafunzi, madogo wa miaka 18 mpaka 23 hivi, ila uwanja wao unaingiza watu 102,780. Kwa Mkapa pale ni elfu 60. Na unajaa, mvua iwepo baridi iwepo. Halafu msiwaonee huruma kwamba ni wanafunzi, mkurugenzi wa michezo wa chuo mwenyewe alisema kikosi cha msimu wa 2024 kimekula kama dola milioni 20, sasa mimi na ovataimu zangu hizi sijui niseme nini.

Msimu ulianza vizuri tu, wakaenda Oregon mwezi wa kumi wakafungwa 32-31, pointi moja, kwotabeki wao, yaani yule mrushaji mkuu wa mipira, Will Howard kakimbia na mpira, kaja kuteleza chini kumbe muda umeisha. Iliuma lakini watu wakameza. Shida ilikuja mwezi wa 11 na Michigan.

Michigan ni jimbo la jirani hapo juu, na chuo chao ndio watani wa hawa, ila utani wenyewe hauna kucheka. Jina hawalitamki, wanasema "ile timu ya kaskazini". Wiki ya mechi nikapita chuoni, nakuta kila kibao herufi M imepigwa X kwa tepu nyekundu, jengo zima halisomeki, unatafuta ofisi unasoma kama mtu asiye na meno. Sasa mimi mshamba, sina hili wala lile, nikaenda kazini na koti langu la bluu lina maandishi ya njano, nimelipata mtumba dola 7, zuri balaa. Kumbe ndio rangi za Michigan! Kuna babu mmoja tunapakia naye mizigo, mtu mpole sijawahi kumsikia akipandisha sauti, akaniangalia koti, akaniangalia usoni, akaenda kwenye loka yake akaniletea sweta jekundu la kwake, akasema vaa hili. Ndio sweta hili mnaloliona. Ni sawa na uvae jezi ya Simba ukatembee Jangwani siku ya dabi, utarudi uchi.

Basi Novemba 30, nyumbani kwao, wenyewe wa pili nchini, Michigan msimu huo hoi wa kutupwa, kila mtu anajua wanapigwa nyingi. Wakafungwa 13-10! Na kilichoua ni mipira ya kupiga kwa mguu, ile unapitisha katikati ya nguzo mbili unapata pointi 3, mpigaji wao Jayden Fielding akakosa mara mbili. Mbili! Zimebaki sekunde 45 wa Michigan akapiga yake ikaingia. Ikawa mara ya nne mfululizo kufungwa na hao hao. Michigan wakataka kusimika bendera yao katikati ya uwanja, zikaanza ngumi, polisi wakapuliza dawa ya pilipili, jamani wanafunzi hao. Kocha Ryan Day watu wakataka afukuzwe usiku ule ule. Babu Jumatatu kazini hakugusa chakula, na mimi nikakumbuka zile 5-1 tulizowapiga Simba Novemba 2023, nikasema leo nimewaelewa ndugu zangu wa Msimbazi. Kidogo tu lakini!

Sasa bahati yao, mwaka huo ndio mtoano wa ubingwa umeanza kuchukua timu 12, zamani zilikuwa 4 na kwa vipigo viwili wangekuwa wanaangalia kwenye TV. Wakaingia, na hapo sijui walikula nini. Tennessee 42-17. Oregon yule yule wa pointi moja, walishafika 34-0 mtu hajakaa vizuri, ikaisha 41-21. Texas wako mlangoni kabisa wanataka kusawazisha, Jack Sawyer akampokonya kwotabeki mpira, ambaye zamani walikuwa wanalala chumba kimoja hapa Ohio State, akakimbia nao yadi 83 peke yake uwanja mzima, 28-14.

Fainali Atlanta, Januari 20, 2025, na chuo cha Notre Dame. Wanaongoza 31-7, mimi nishaanza kutafuta soksi za kazi, mara 31-23. Presha! Howard akarusha mmoja mrefu kwa dogo Jeremiah Smith, mwaka wa kwanza chuo, yadi 56. Halafu zimebaki sekunde 26 anaingia nani kupiga? Fielding. Yule yule aliyekosa mbili na Michigan. Breki rumu nzima kimya, babu akageukia ukutani, hakuangalia, mimi ndio nilikuwa namsomea mpira.

Ukaingia. 34-23, bingwa wa nchi nzima.

Babu akanikumbatia mpaka kofia ikadondoka. Juzi nikamuuliza babu, hivi sweta lako nikurudishie sasa maana ubingwa mmeshachukua? Akasema kaa nalo, Michigan tunacheza nao tena Novemba.

Haya saa tano hiyo, naingia kazini, msalimieni mama.