Taa yako inasema nini kuhusu huyo mtu?

Asanteni sana jamani, sogeeni mbele viti vipo, naanza moja kwa moja. Mtu akikwambia picha haidanganyi, muulize taa ilikaa wapi. Iweke juu kidogo na pembeni, uso unakuwa ule tuliouzoea kwa sababu hata jua linatokea juu. Ishushe chini ya kidevu uone, mtu yuleyule anatisha, vivuli vimepanda, macho yamezama, na hajafanya lolote.

Mwaka 1963 Arnold Newman, Myahudi wa Marekani, alimpiga picha Alfried Krupp, tajiri wa viwanda wa Ujerumani aliyehukumiwa kule Nuremberg kwa kutumikisha watu kama watumwa wakati wa vita vya pili vya dunia. Newman akaweka taa mbili, moja kila upande, akamwambia ainame mbele kidogo, akapiga. Ile picha haihitaji maelezo kabisa, Krupp anaonekana kama shetani. Alijua anataka kusema nini, akakisema kwa taa, na mimi namheshimu kwa hilo.

Shida ni pale taa inapoongea na mpiga picha hana habari. Filamu za rangi za Kodak, maabara zilikuwa zinapima rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, kadi ya Shirley, ngozi yake ikitoka vizuri basi kazi imeisha, mweusi aliyekaa pembeni ya mzungu kwenye picha anabaki macho na meno. Halafu watu wanasema eti weusi hawapigiki! Si kweli hata kidogo, ni kipimo tu kilichaguliwa.

Na dijitali haijamaliza hilo. Kamera ikiwa kwenye oto, yaani inajipimia mwanga yenyewe, inataka picha nzima kwa wastani iwe ya kijivu, sasa ukimsimamisha mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe inakata mwanga, ukuta unapendeza uso unapotea. Pima mwanga usoni bwana, achana na ukuta. Na usimchome na fleshi ya mbele, leta mwanga mkubwa laini, dirisha au softboksi, ile taa yenye boksi la kitambaa cheupe mbele, utokee pembeni, maana ngozi nyeusi uzuri wake unachorwa na mng'ao, shavu linajitokeza, paji linajitokeza, yani hapo ndo utamu wote ulipo.

Hata baada ya kupiga bado unachagua. Juni 1994 jarida la Time lilitia giza picha aliyopigwa na polisi O.J. Simpson, mwanamichezo maarufu mweusi wa Marekani aliyeshtakiwa kwa mauaji, likaiweka jaladani, jarida la Newsweek wiki hiyohiyo wakatoa picha ileile bila kuitia giza, watu wakaziona zote mbili wakalalamika sana, na walikuwa na haki, kesi yenyewe ilikuwa hata haijaanza kusikilizwa.