Weka spana chini kwanza

Haya jamani sogeeni. Kigari hiki mnakiona, viti viwili na kabodi nyuma, mwenyewe analalamika gia ni ngumu na rivasi inapiga krrrr, na naona kuna watu washashika spana wanataka kushusha giaboksi. Wekeni chini. Mimi niliwahi kushusha moja, siku mbili niko mgongoni chini ya gari, kuja kufungua ndani meno yote mazima yanang'aa, kumbe nati za kebo ya gia zimelegea tu. Aibu ile sitaisahau.

Kwa hiyo unaanza hivi: zima injini, kanyaga breki, pitisha gia zote. Ikigoma kidogo usiite mbovu, meno yanaweza kuwa hayajakutana, achia breki, mwambie mtu akisukume mbele na nyuma kidogo we ukiwa unajaribu. Halafu washa, rudia.

Ikiwa imezimwa inaingia laini ila ikiwaka inasaga, hapo achana na giaboksi kabisa. Vigari vingi vya hivi havina klachi ya kukanyaga, vina mkanda na puli mbili, resi ikiwa chini puli ya injini inaachia mkanda, ukikanyaga mafuta inaubana. Sasa kama resi ya chini imepandishwa (nyingi zinakaa karibu na mizunguko 1,200 kwa dakika, hakikisha kwenye kitabu chake) au puli imejaa vumbi la mkanda haiachii vizuri, au mtu kafunga mkanda wa saizi nyingine, basi shafti ya kuingilia giaboksi inaendelea kuzunguka na wewe unalazimisha meno yaingiane yakiwa mwendoni, lazima yasage. Shusha resi, safisha puli, pima mkanda. Na kifuniko cha mkanda hakifunguliwi injini ikiwaka, nisije nikaona mtu.

Ikiwa ni ngumu hata imezimwa, nenda kwenye kebo. Chomoa kebo kwenye pini pale inaposhika mkono wa giaboksi, usogeze ule mkono kwa vidole. Ukisikia tak, tak, tak kila gia inakaa, giaboksi ni nzima, shida iko kwenye kebo au levo. Vuta kebo peke yake, ikikwama ni kutu au imeungua karibu na ekzosi, nunua nyingine, habari za kumwagia oili ni kujidanganya. Ikiwa laini, weka levo ya dereva frii na giaboksi frii, sasa angalia hapa, jicho la kebo, lile tundu la mwisho wake, linatakiwa lidondoke lenyewe kwenye pini bila kulivuta, hili mnaona limepitiliza kama milimita 4, ndo maana rivasi haiingii yote. Zungusha nati mpaka lidondoke, kisha kaza zote mbili.

Gia inayoingia vizuri halafu inaruka ukipanda mlima, na kebo ushaiseti, hiyo sasa fungua, meno yameliwa kona kwa sababu mtu anabadilisha gia gari likiwa bado linatembea.

Haya nani anaingia chini kuseti hii? Wewe mwenye kofia. Ngoja kwanza, matairi hayajawekewa mawe.