Kazi ya Koridoni

JUMA: Karibuni tena. Leo nambana mwenyeji mwenzangu. Dada Rehema ni wakili wa kesi za familia London. Haya, mtu anafikaje hapo?

REHEMA: Leo zamu yangu! Unajiunga na moja ya Inn nne, yaani vyama vya mawakili wa mahakamani, mfano Gray's Inn au Middle Temple, unasoma kozi, unapokelewa rasmi. Bado jaji hakusikilizi. Kuna mwaka wa uanagenzi chini ya wakili mzoefu, na hapo ndipo wengi hukwama, maana waombaji ni wengi kuliko nafasi.

JUMA: Mwaka mzima kubeba mafaili ya wakubwa?

REHEMA: Miezi 6 ya kwanza unafuata na kuandika. Miezi 6 ya pili unasimama peke yako. Karani wa ofisi, anayetugawia kesi, anapiga simu jioni: kesho saa 4, nyaraka nimekutumia. Usiku huo hulali sana.

JUMA: Na lile wigi?

REHEMA: Mahakama ya familia kwa kawaida hatuvai wigi wala joho. Ila kilichonishangaza ni kwamba kazi kubwa iko koridoni, kabla ya kuitwa. Nakupa mfano wa kutunga, maana kesi hizi ni za faragha. Mama kakaa huku, baba kule mwisho. Mama anasema, "Asimwone mtoto kabisa." Unamuuliza taratibu anachohofia. Kumbe Jumapili mtoto anarudishwa usiku, Jumatatu anasinzia darasani. Basi andika: arudishwe saa 11 jioni. Mnaingia kwa jaji limebaki jambo moja.

JUMA: Lakini si alikulipa umpiganie?

REHEMA: Sheria ya Watoto ya 1989 inaanza na maslahi ya mtoto, ndiyo yanayotangulia. Mteja asiposikia hilo kwangu, atalisikia kwa jaji, na mzazi mwenzake yupo pale. Ila pakiwa na kipigo au vitisho, hakuna cha maelewano ya koridoni. Unaomba vyumba tofauti na pazia, wasionane.

JUMA: Na upande wa pili asipokuwa na wakili?

REHEMA: Wapo wengi. Tangu 2013 msaada wa kisheria uliondolewa kwenye sehemu kubwa ya kesi za wazazi kugombea watoto. Unajikuta na baba mwenye karatasi kwenye mfuko wa plastiki. Chuoni hawakutufundisha hilo vya kutosha, nasema wazi. Namwambia kwanza: mimi si wakili wako, hulazimiki kukubali. Halafu ananiuliza, "Ungekuwa mimi, ungekubali?"

JUMA: Unamjibuje?

REHEMA: Sijibu. Namwachia rasimu ya makubaliano aisome polepole, peke yake. Asipotaka, tunaingia jaji aamue.

JUMA: Na jaji huamua nini?

REHEMA: Inategemea. Kuna wanaotoka na wikendi zilezile walizozikataa koridoni.