Mzungu Aliyevaa Mara Moja

MWALIMU: Karibuni tena. Leo tulipanga kuzungumzia mambo matatu kuhusu viatu vya kukimbilia: kuvipima dukani, kuvitunza, na dalili za kuvistaafisha. Hata hivyo, Shemeji ameingia studio akichechemea, kwa hiyo itabidi aanze yeye.

SHEMEJI: Jumamosi alfajiri nilikuwa juu ya Daraja la Tanzanite, nimebakiza kilomita nne, soli ya kiatu cha kulia ilipobanduka kisigino na kuanza kupiga makofi kila nilipokanyaga. Viatu hivyo nilivinunua kwenye soko la mitumba la Karume wiki tatu zilizopita, na muuzaji aliniapia kwamba vilivaliwa na Mzungu mara moja tu.

MWALIMU: Ni Mzungu yule yule aliyevaa mara moja suruali yako ya Idi, na akabeba mara moja mkoba uliompelekea dada yangu?

SHEMEJI: Ndiye. Ana mali nyingi, ila hana subira.

MWALIMU: Ulivikagua lakini? Mimi hukibonyeza kiatu ubavuni kwa kidole gumba, kwenye ile sponji iliyo juu ya soli. Sponji nzima huingia kisha ikarudi. Iliyochoka huwa na mikunjo kama shingo ya kobe, nayo hairudi. Kisha hukiweka mezani na kukitazama kwa nyuma, na kikilalia upande mmoja ninajua kimeshazoea mwendo wa mtu mwingine.

SHEMEJI: Kililala kidogo. Nilidhani ni meza ya muuzaji.

MWALIMU: Basi alivaa mara moja, ila mara hiyo moja alitoka Moshi akaja Dar es Salaam kwa miguu.

SHEMEJI: Huenda alikuwa kwenye Kilimanjaro Marathon akapitiliza utepe, kwa kuwa hakuna aliyemwambia asimame.

MWALIMU: Sasa sikiliza. Umri wa kiatu unaotajwa mara nyingi ni kati ya kilomita 500 na 800. Wewe unakimbia kilomita 30 kwa wiki, kwa hiyo kipya kingekuchukua miezi minne hadi sita. Cha mtumba hujui kimebakiza ngapi, na mimi siwezi kununua kitu ambacho sijui kimeishi kiasi gani.

SHEMEJI: Hapo hatukubaliani. Hizo kilomita 800 hazimjui mkimbiaji. Mimi nina kilo 92 na ninakimbilia lami. Mwenye kilo 55 anayekimbilia udongo hawezi kuhesabiwa pamoja nami. Mita yangu ni goti. Isitoshe, gundi na sponji huchoka hata kiatu kikiwa ndani ya boksi, na kilichokaa ghalani miaka mitano bado mnakiita kipya. Abebe Bikila alishinda marathoni ya Roma mwaka 1960 bila kiatu chochote.

MWALIMU: Na mwaka 1964 akashinda ya Tokyo akiwa na viatu, tena kwa muda bora zaidi, hilo huwa hulisemi. Goti likishalalamika, kiatu kimekufa siku nyingi.

SHEMEJI: Kuna hata viatu vipya vinavyozaliwa vimekufa. Mwaka 2023 Tigist Assefa alivunja rekodi ya dunia ya wanawake kule Berlin kwa saa 2:11:53, akivaa kiatu cha Adidas chenye gramu 138, ambacho kampuni yenyewe ilisema kimekusudiwa marathoni moja.

MWALIMU: Ina maana muuzaji wako hakusema uongo! Mzungu alikivaa mara moja, na mara yenyewe ilikuwa ni hiyo moja tu.

SHEMEJI: Unacheka, lakini hujanijibu kuhusu boksi.

MWALIMU: Nawe hujanijibu kuhusu kilomita. Fundi mitambo anatuonyesha vidole viwili, na upimaji hatujaugusa kabisa.

SHEMEJI: Waambie waende dukani jioni, miguu ikiwa imevimba.

MWALIMU: Na waache nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu kuliko vyote. Utunzaji tumeshaupoteza. Viatu viko wapi?

SHEMEJI: Viko kwa fundi, anavishona. Jumamosi nitakuwa darajani.

MWALIMU: Na hivyo hivyo?

SHEMEJI: Amesema gundi inahitaji siku mbili tu kukauka.